Jinsi ya kupima ukijani wa bahari kwa mfuniko wa ndoo na kamba

Assalam alaykum jamani. Kila nikirudi pwani na lile sahani langu jeupe watu wananiuliza, mwalimu unavua nini na hicho, basi leo naandika yote hapa ili mwenye nia atengeneze lake, awe Fumba, Chwaka, Mkokotoni au kule Pemba, Wesha na Mkoani, maana vitu karibu vyote vinapatikana Darajani na vyengine unavyo nyumbani saivi.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Ndani ya maji ya bahari kuna mimea midogo sana, macho matupu hayaioni, inaelea tu inapopelekwa na mkondo, wataalamu wanaiita fitoplanktoni. Sio mwani ule, mwani unaushika kwa mkono unaufunga kwa taitai, hii nyengine kabisa, tone moja la maji linaweza kuwa nayo mingi na wewe ukaona maji matupu. Inafanya usanisinuru kama muembe wa uani kwako, inachukua mwanga wa jua na kaboni na mbolea iliyomo majini inatengeneza chakula na kutoa oksijeni, na karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia nzima unafanyika baharini na vidude hivi. Na ukivikusanya vyote uzito wake haufiki hata asilimia 2 ya mimea yote ya dunia! Inawezekanaje? Kwa sababu vinazaliana na kuliwa ndani ya siku chache tu, havikai. Vinaliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa anaanikwa juani au analiwa na jodari. Kwa hivo mtu akiniambia bahari mwaka huu haina kitu, mie nauliza kwanza, huko chini kwenye hiyo mimea kukoje?

Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Kuna wingi wa mimea iliyopo, na kuna uzalishaji, yaani inatengeneza chakula kiasi gani kwa saa au kwa siku. Fikiria duka la mtaani. Mzigo ulioko rafuni ni jambo moja na mauzo ya siku ni jambo jengine, duka linaweza kuwa na rafu nusu tupu na bado linauza kuliko jirani yake, maana mzigo unaingia na kutoka. Sahani litakupa picha ya mzigo ulioko rafuni. Mauzo yanahitaji chupa, nitafika huko.

Wenzetu wanaofanya kazi hii kwa vifaa vikubwa tunao hapa hapa Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1978, na kina Dk. Margareth Kyewalyanga wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya fitoplanktoni na uzalishaji wa bahari. Wao wanachuja maji, wanapima klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya mimea, kwa mashine, wanapiga hesabu za mwanga rangi kwa rangi. Sisi skuli hatuna mashine hiyo, lakini kuna kipimo cha zamani ambacho mpaka leo wataalamu wanatoka nacho baharini, alikifanyia majaribio padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865 akiwa kwenye meli ya Papa. Sahani jeupe linateremshwa majini mpaka lipotee machoni. Basi. Maji yakiwa na mimea mingi linapotea mapema, yakiwa matupu linakwenda chini sana.

Sasa tulitengeneze. Chukua mfuniko wa ndoo ya rangi ya lita 20, ule mweupe, upana wake ni kama sentimita 30 na ndio upana unaotumika kwa bahari. Usikate, uache duara hivo hivo. Upake rangi nyeupe isiyong'aa, narudia ISIYONG'AA, maana inayong'aa inarudisha jua na unaliona sahani hata pale ambapo ungekuwa umelipoteza. Toboa tundu katikati, pitisha bolti ndefu yenye pete juu, na chini ya mfuniko funga chubwi au kipande cha chuma, gramu 200 kwenda juu, kwenye mkondo wetu mie naweka nusu kilo maana ukiwa mwepesi sahani linaelea pembeni badala ya kushuka wima na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Fundo la pete lifunge mara mbili tena lichome kwa moto kama ni nailoni. Sahani langu la kwanza lilikwenda na maji siku ya tatu tu kwa sababu ya fundo moja bovu, nilisikitika sana.

Kamba ndio mahali watu wanaharibu. Nailoni inavutika ikilowa na ikibeba uzito, kwa hivo usiipime ikiwa kavu. Iloweke usiku mzima, asubuhi ining'inize na sahani lake likiwa chini, ndio uipime kwa tepu ya mafundi ujenzi kuanzia usawa wa uso wa sahani. Kila nusu mita tia alama kwa maka peni, kila mita funga uzi mwekundu, kila mita tano uzi wa buluu, na uzi uushone ndani ya kamba kabisa, ukiufunga juu juu utahama. Mita 30 zinatosha kwa sehemu kubwa ya mlango wa Unguja, huku hakuna kina kikubwa. Pemba kule kwenye mkondo wa magharibi ni habari nyengine, kina kinakwenda mamia ya mita na maji ni safi, chukua kamba ya mita 50.

Siku ya kupima toka na mtu anayejua maji, vaa jaketi la kuokolea, na kusi likivuma kwa nguvu bakia nyumbani hakuna namba inayostahili roho. Ukiwa ndani ya eneo la hifadhi mwambie sheha na kamati ya wavuvi mapema, watu wakikuona unateremsha kitu usichoelezea wana haki ya kuuliza.

Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Kaa upande wa kivuli wa chombo ili mng'aro usikupige machoni, vua miwani ya jua. Teremsha polepole, polepole kweli, mpaka sahani lipotee, shika kamba pale pale uso wa maji unapoigusa, soma. Teremsha kidogo tena halafu livute juu mpaka ulione, soma mara ya pili. Jumlisha ugawe kwa mbili, hiyo ndio namba yako. Mpe na mwenzio asome bila kumwambia yako. Mkipishana nusu mita sawa tu, mkipishana mita mbili rudieni. Sahani likigusa chini kabla ya kupotea hiyo sio namba, andika "limegusa" na utafute pahala penye kina zaidi.

Mzee nnayetoka nae ni nahodha wa miaka mingi. Siku ya kwanza nilipomuamkia nikamuonesha sahani, akaitikia marahaba, akaliangalia, akaniambia "Mwalimu, leo pima tano, haizidi." Hakuwa amegusa maji. Nikateremsha, lile sahani likapotea mita tisa na kidogo, na pima moja ni kama mita 1.8, hebu piga hesabu mwenyewe. Nikamuuliza umejuaje mzee wangu, akanionesha amari ya nanga inavyoingia majini. "Naangalia inapopotea." Kipimo kile kile! Toka siku ile kwenye daftari langu kuna safu yake, anasema kabla sijateremsha naandika, halafu naandika ya sahani. Kama pwani yako ina mzee wa namna hii fanya hivo hivo, ni elimu ambayo haijaandikwa popote.

Ukishapata namba kuna hesabu moja fupi ya faida. Zidisha kwa 2.7 hivi utapata makisio ya kina ambacho mwanga unabakia asilimia 1 ya ule wa juu, na chini ya hapo mimea kwa kawaida haipati mwanga wa kutosha kujiendesha. Sahani likipotea mita 10, basi shamba lako linakwenda mpaka mita 27 kwenda chini. Ni makisio lakini yanakupa sura ya unene wa shamba.

Sasa nikae kidogo kwenye maji kujaa na kupwa, maana hapa ndipo wanaoanza wote wanapotea. Bamvua maji yanakwenda kwa nguvu, yanatoa tope la mikokoni na mchanga wa fukweni, sahani linapotea mapema na wewe unashangilia eti mimea imezidi. Wiki inayofuata maji mafu, bahari imetulia, sahani linashuka mpaka unachoka, unasema mimea imekufa. Hakuna kilichozidi wala kilichokufa, umepima mwezi! Kwa hivo chagua pahala pamoja, weka alama zako za nchi kavu (mie natumia mnazi mmoja na mnara wa simu, zikipangana najua nipo) na upime kila mara maji yakiwa katika hali moja. Mie napima maji mafu, yakiwa yamejaa. Mara mbili kwa mwezi zinatosha ukizishika mwaka mzima, na mwaka mzima ndio penyewe, kusi na kaskazi na tanga mbili na masika, kipimo kimoja peke yake hakina maana hata ukipime vizuri namna gani.

Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu bahari yetu inaendeshwa na pepo. Kusi, kama mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo ni mkali, maji yanapoa mpaka digrii 25 au 26, yanachanganyika juu na chini na mbolea ya chini inapanda kwenye mwanga. Kaskazi kwenda mwezi wa tatu maji ya juu yanapata joto karibu digrii 29, 30, na maji ya moto ni mepesi yanakaa juu kama mfuniko wa sufuria, mbolea inabakia chini na mimea juu inaona jua lakini haina chakula. Halafu masika inashusha udongo kutoka nchi kavu. Kwa hivo kila ukipima sahani pima na joto, chota maji kwa ndoo tia kipimajoto humo humo chomboni usisubiri ufike pwani.

Udongo na mimea sahani halivitofautishi, hilo ulijue. Ndio maana naandika na rangi ya maji niliyoiona juu ya sahani likiwa nusu ya kile kina: buluu, kijani, kijani ya manjano, kahawia. Na nachukua lita moja naichuja kwa karatasi ya chujio ya maabara ya skuli, ikikauka ukiigusa ina chembe chembe na rangi ya kijivu hiyo ni udongo, ikiwa na rangi ya kijani au hudhurungi laini hapo una mimea.

Kaskazi bahari ikilala shwari utaweza kukuta mistari mirefu ya rangi ya manjano ya kahawia juu ya maji kama mtu kamwaga unga wa mbao kutoka kwa seremala. Wengi wanadhani meli imemwaga uchafu. Chota kwenye glasi uiache dakika kadhaa, vile vinyuzi vikipanda juu vyenyewe badala ya kuzama basi kuna uwezekano mkubwa ni Trichodesmium, aina mojawapo ya fitoplanktoni, ina vipovu vya gesi ndani yake. Hii naipenda kuliko zote. Inachukua naitrojeni ya hewani inaigeuza mbolea, kazi ambayo mimea mingi ya bahari haiwezi, kwa hivo wakati bahari ya juu ina njaa yenyewe ndio inayotia mbolea shambani. Wanasayansi wa hapa Tanzania wameifuatilia kwenye pwani yetu na wanaikuta zaidi msimu wa kaskazi. Ukiiona andika tarehe na pahala na upige picha. Ila maji yakibadilika rangi na samaki wakawa wanaelea wamekufa usichote kwa mikono mitupu, usile samaki wale, toa taarifa kwa maafisa wa uvuvi.

Ukitaka kuwaona wenyewe tengeneza wavu. Kitambaa ni kile cha skrini wanachotumia mafundi wa kuchapa fulana, muombe fundi kipande chenye matundu madogo kabisa aliyonayo, cha mikroni 50 kinafaa (mikroni elfu moja ndio milimita moja), wataalamu wanatumia mpaka 20. Shona umbo la koni, mdomo ufunge kwenye pete ya waya mnene, kwenye ncha funga chupa ndogo ya plastiki. Uburute nyuma ya chombo kwa mwendo wa mtu anayetembea, dakika tano, ukienda kasi maji yanarudi nje badala ya kupita. Yale maji ya ndani ya chupa yaweke kivulini na uyaangalie siku ile ile, au tia matone ya iodini ya maabara, ile ya kupimia wanga, mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi nyepesi, yatakaa siku nyingi tu kwenye chupa iliyofungwa na isiyopata mwanga.

Weka tone chini ya hadubini, anza na ukuzaji wa mara 100. Chaetoceros utaziona zimeshikana mnyororo na miiba mirefu pembeni, Coscinodiscus duara kama sarafu, Rhizosolenia kama sindano. Hizo ni diatomu, zina ganda la kioo kabisa, kama kioo cha dirisha. Na Ceratium ina pembe tatu, mwanafunzi wangu mmoja aliitazama akasema "mwalimu hii nanga!" na toka siku ile kwetu skuli jina lake ni nanga. Jamaa zake Ceratium ndio wengi wanaofanya maji yawake usiku kasia likipiga.

Lakini usifikiri wavu umekamata vyote. Kwenye maji ya joto yenye mbolea chache kama yetu ya bahari kuu, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na vidogo vinavyopita kwenye wavu wowote. Kimoja wapo kinaitwa Prochlorococcus, upana wake haufiki hata mikroni moja, na wanasayansi hawakuitambua mpaka miaka ya 1980.

Haya, mauzo ya siku, yaani ule uzalishaji. Njia hii imetoka Norway mwaka 1927 na skuli yenye maabara ya kemia inaiweza. Chukua chupa tatu za kioo za ukubwa mmoja zenye kifuniko kinachobana. Zijaze maji ya pahala pamoja ukizizamisha ili zisibakie na povu hata moja la hewa. Ya kwanza pima oksijeni pale pale. Ya pili ibane kifuniko lakini usiizungushie kitu, ipate jua. Ya tatu izungushie karatasi ya foili ya jikoni mara mbili na tepu nyeusi juu yake isipate mwanga kabisa. Hizo mbili zining'inize kwenye boya kina cha mita moja, masaa sita, halafu pima oksijeni yake. Mimea ya kwenye mwanga imezalisha oksijeni na pia imepumua, ya gizani imepumua tu.

Tuseme kwa mfano mwanzo ulikuta miligramu 6.0 kwa lita, ya mwanga ikawa 6.6, ya giza ikashuka 5.8. Mwanga toa giza ni 0.8, huo ndio uzalishaji wote. Mwanga toa mwanzo ni 0.6, hiyo ni faida iliyobaki baada ya matumizi. Mwanzo toa giza ni 0.2, hayo ndio matumizi. Gawa kwa masaa sita upate ya saa moja. Fanyieni hii kwenye maji ya kijani, karibu na mikoko ya Chwaka kwa mfano, maana kwenye maji safi ya nje tofauti ni ndogo mno vifaa vyetu havitaiona, ndio maana toka 1952 wataalamu wanatumia kaboni 14 ambayo ina mionzi na sio ya kuichezea. Vifaa vya kupimia oksijeni vya matangi ya samaki wa mapambo usitegemee, hatua zake ni kubwa mno. Tumia njia ya Winkler, ile ya kemikali za maabara, au mita nzuri.

Picha za setilaiti za klorofili zinapatikana bure kwenye intaneti, ile mpya ya NASA inaitwa PACE ilirushwa Februari 2024, ziangalie kwa bahari ya nje. Karibu na pwani zinadanganyika, mchanga mweupe wa chini na tope vinaonekana kama klorofili, na masika mawingu yanaziba kila kitu. Namba yako ya sahani pale pale ufukweni ndipo inapokuwa na thamani.

Daftari liwe la karatasi, uandike kwa penseli, wino ukilowa umekwisha. Tarehe, saa, pahala, maji yamejaa au yanakupwa, upepo unatoka wapi, mawingu, joto, kusoma mara ya kwanza, mara ya pili, rangi, na neno la mzee. Usifute namba hata ukiona haiingii akilini, iandikie pembeni kwa nini una shaka.

Ukirudi suuza sahani na kamba kwa maji baridi ya mferejini, wavu usuuze kwa ndani na nje uukaushe kivulini. Kila miezi mitatu pima tena kamba yako na uangalie rangi ya sahani, likianza kuwa la manjano lipake upya kabla ya kutoka tena.